Mbu Ndani ya Gari la Harusi

Asubuhi ya harusi ya dada yake, Mbwembwe aliegesha gari mbele ya benchi la kahawa, akabaki ameshika usukani. Kazi yake ni kutangaza na kupiga muziki kwenye sherehe za watu, lakini leo mdomo ulikuwa umemkauka. Dada mtu aliomba kitu kimoja tu: njiani kwenda ukumbini asikie sauti ya marehemu baba yao, iliyorekodiwa enzi za uhai wake. Sauti imo kwenye kompyuta, kompyuta imeungwa kwa waya na redio ya gari, chaja imechomekwa pale pa kuwashia sigara. Sasa injini ikiwaka tu, spika zinalia nyiiii, kama mbu aliyenyimwa damu. Ukikanyaga mafuta, mbu naye anapandisha. Marehemu hasikiki.

— Hiyo beringi, akasema Spana, fundi baiskeli, kikombe mkononi.

— Beringi ndani ya spika?

— Gari ni mwili mmoja, bwana. Kidole kikiumia, kinacholia ni mdomo.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote zaidi ya benchi lile, akakohoa.

— Beringi wapi! Umeme wa gari na umeme wa kompyuta ni wake wenza. Umewaweka chumba kimoja, unategemea kimya? Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Jembe linaingiaje hapa?

— Linaingia sana, ila wewe una haraka.

Muuza kahawa akainua birika, akamimina taratibu.

— Mie nasema ni marehemu mwenyewe anapiga mluzi. Mzee yule alikuwa hapendi kukimbizwa.

Spana akauondoa mguu wake kwenye gari, polepole. Mbwembwe alitaka kucheka, akaitazama saa. Atamwambia nini dada?

— Tung'oe redio, Spana akaamua. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Akainama kweli, bisibisi mkononi. Ndipo akatokea shangazi yao, dada wa marehemu, viatu vipya kavishika mkononi.

— Bibi harusi keshavaa, nyie mnafukua gari?

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Shangazi akasikiliza ile nyiiii, kichwa kakiinamisha upande.

— Na mkichomoa chaja?

Spana akamtazama Profesa. Profesa akakitazama kikombe.

— Betri ya kompyuta mbovu?

— Nzima, shangazi. Imejaa.

— Sasa chaja ya nini?

Mbwembwe akachomoa. Mbu akakatika. Akakanyaga mafuta: injini ikanguruma, spika kimya. Kisha baba akasema, karibu kabisa, kama amekaa kiti cha nyuma:

— Mwanangu, siku ukiolewa, mwambie huyo bwana asikuchezee, nina mkongojo. Na kaka yako mwambie apunguze maneno, siku hiyo si yake.

Shangazi akaketi palepale ukingoni mwa barabara, mkono mdomoni, akicheka huku machozi yanamtoka.

— Hata mimi nilikuwa naelekea huko huko, akasema Profesa.

Muuza kahawa akapindua birika juu ya kikombe cha Profesa. Halikutoa hata tone.

Mbwembwe alimwendesha dada yake mpaka ukumbini. Watu njiani walisubiri atangaze kwa kipaza sauti, wakasubiri weee. Njia nzima hakutamka neno, aliyesema ni baba.