Mama Usajili na Baraka Ambazo Hakuzitoa

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wanachama na mashabiki wa Vumbi Jekundu, majirani wa Mbulumbulu, Ganako na Karatu mjini, na ninyi mliotoka Soitsambu na mashuka yenu mkaingia hapa alfajiri na vumbi mpaka kwenye kope, familia inawashukuru kwa kukaa nasi tangu Jumatano, na sasa inaomba masikio yenu kwa habari ya maisha ya mke, mama, dada na shangazi yetu, Brigita Vedasto, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Usajili. Habari hii imeandikwa na watoto wa kaka zake, ikasomwa mbele ya mume wake, Mzee Tluway, naye akaikubali yote, kwa hiyo mwenye neno asihangaike na sisi vijana, amfuate mzee mwenyewe, yupo pale mbele, amevaa koti la kahawia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo Karatu yote ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa mwisho na wa kike pekee katika nyumba yenye kaka sita, jambo linaloeleza mengi, kwa sababu kaka sita wakigawana timu wanahitaji golikipa, na mdogo ndiye husukumwa golini, akakaa huko mpaka akagundua kwamba golini mtu anaona uwanja mzima na makosa ya kila mmoja, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978, hapo hapo Mbulumbulu, nafasi ya sekondari akaikosa kwa kuwa mwaka ule walichaguliwa wawili tu shule nzima, naye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa wa tatu, na mpaka anaondoka duniani aliuzungumzia uteuzi ule kama mtu aliyenyimwa penalti ya wazi. Mwaka 1980 alisoma ushonaji Mbulu mjini, mwaka 1982 akaajiriwa kuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, akipokea ngano na maharage ya wakulima, na mwezi Februari 1994 akafungua duka lake la pembejeo Karatu, karibu na stendi, ambako aliuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo, na maoni bure kwa kila aliyeingia, alihitaji asihitaji.

Alifunga ndoa takatifu na Mzee Tluway tarehe 14 Septemba 1991, siku ya Jumamosi, na wazee waliokuwepo wanakumbuka kwamba bibi harusi ndiye aliyemwomba padri misa iwe asubuhi, akitoa sababu ya jua kali, kumbe kulikuwa na mechi ya redio saa kumi, na bwana harusi, ambaye hakuwa na habari na mpira na hana mpaka leo, alikaa meza kuu peke yake kwa kipindi chote cha pili. Mungu aliwajalia watoto watatu, Eva aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni mwalimu hapa wilayani, na wadogo zake wawili wa kiume wanaoendesha magari ya watalii kule kreta, pamoja na wajukuu watano, na sisi wapwa ambao hatukuzaliwa na yeye lakini tulifokewa na yeye, ambayo katika ukoo huu ni karibu kitu kile kile.

Mwaka 2011 aliingia kwenye kamati ya usajili ya Vumbi Jekundu, timu yetu ya ligi ya mkoa, na hapo ndipo lilipozaliwa jina lake, kwa kuwa alikuwa na sheria moja ambayo hakuna kocha wala tajiri aliyeweza kuipindisha, kwamba mchezaji hasainiwi kabla Mama hajanywa chai nyumbani kwao. Alipanda bodaboda mpaka Ganako, akapanda malori mpaka Ngorongoro, akaketi jikoni kwa watu, akaangalia kijana anaongeaje na mama yake, anaamka saa ngapi, na akiambiwa hapana anafanya nini, kwa sababu, alisema, miguu kila mtu ataiona uwanjani, lakini mtu anayenuna akitolewa sub anaonekana kwao, kwenye kikombe cha chai. Walimcheka sana, wengine wakasema huyu anatafuta wakwe, si wachezaji.

Hatusemi alipatia kila kitu, maana yeye mwenyewe angesimama humo ndani ya jeneza atukatize. Koinet, huyu winga wa kushoto mnayemjua, alipokuja kufanya majaribio mwaka 2021 marehemu alimkataa mchana kweupe, akasema kijana anakimbia amenyooka kama anafukuza ndama, hajui kugeuka, arudi Soitsambu. Koinet hakurudi, alipata kazi ya kupakua magunia sokoni, akaendelea kuja mazoezini bila kuitwa, mpaka siku moja ya mvua, uwanja ukiwa tope la magotini, wenzake wote wanateleza kama wamevaa sabuni, yeye akasimama wima na kugeuka na mpira kila upande, na marehemu akapanda juu ya benchi akatangaza kwa mashabiki wote kwamba amekosea na asiyewahi kukosea amrushie tope. Wiki iliyofuata alikuwa Soitsambu akinywa chai, ambako baba yake Koinet alimuuliza kocha wa hiyo timu ana ng'ombe wangapi, akajibiwa hana hata mmoja, mzee akashangaa mtu wa namna hiyo atamwongoza vipi mwanawe, na marehemu, mwenye ng'ombe wawili tu Mbulumbulu, akamwambia ndiyo sababu kocha hakutumwa, amekuja yeye. Tangu siku hiyo Koinet hakuwahi kumwita jina lingine isipokuwa Yeyo, yaani mama kwa Kimasai.

Maoni yake kuhusu ujenzi wa timu hayakuwa siri, aliyasema dukani, kanisani baada ya misa, na kwenye grupu la WhatsApp la wanachama, voice note ndefu ambazo watu walizisikiliza wakila chakula cha mchana. Alikataa kabisa wazo kwamba timu inanunuliwa dirisha la usajili likifunguliwa kama mtu anayenunua viatu vya harusi. Kuhusu yule mshambuliaji aliyeletwa kutoka Dar kwa mbwembwe nyingi, alisema dakika ya sitini upepo wa Karatu unamuingia kifuani na anaanza kuuliza muda, kuhusu kiungo mwenye nywele za dhahabu alisema anadai mpira mguuni kama anadai chai kitandani, na kuhusu wale mabeki wawili wa mkopo alisema hawaongei wao kwa wao, na mabeki wasioongea ni majirani waliogombana, mwizi anapita katikati. Lakini hakuwachukia wageni, hilo tuliseme wazi kwa sababu limepotoshwa, alitaka golikipa mmoja mzoefu na beki wa kati mmoja, wenye umri na subira, wawekwe katikati ya vijana wa timu B, kama vile mkulima wa hapa anavyopanda mahindi na maharage shamba moja, kimoja kinasimama, kingine kinafunika udongo.

Na alikuwa akisema kwamba nchi hii inawafanyia wahitimu kile ambacho klabu inawafanyia vijana wa timu B, unawalea, unawapigia makofi siku ya graduation, unawavalisha joho, halafu siku ya mechi unatangaza kwamba unatafuta mtu mwenye experience ya miaka mitano, sasa hiyo experience wataipata wapi, kwenye benchi. Kwa sisi ambao vyeti vyetu viko kwenye bahasha ya kaki tangu mwaka juzi, tunaombwa connection kila ofisi tunayoingia, maneno hayo hayakuhitaji mkalimani.

Mwaka 2022 klabu ilipata uongozi mpya chini ya Mwenyekiti Josephati, ambaye yupo nasi hapa na tunamshukuru kwa kufika, na tunakiri kwamba amefanya kazi, nyavu za magoli ameleta, basi la timu limepatikana, na hoja yake ina uzito wake, kwamba mji umechoka kumaliza nafasi ya tatu kila msimu, na wenye lodge hawawezi kuwa sponsor wa timu isiyopanda daraja. Tulipoachana ni kwenye dawa aliyoichagua, kwa kuwa mwezi Juni mwaka huu alileta pendekezo la kuivunja timu B yote, akina Koinet na wenzake waachwe, na wasajiliwe wachezaji tisa kutoka nje kwa mpigo. Kwenye kikao kile Mwenyekiti alimtania marehemu mbele ya wanachama, akasema, "Mama, dukani kwako unauza mbegu za kutoka nje mwaka mzima, mbona uwanjani unazikataa?" Ukumbi ukacheka, na marehemu akasubiri wamalize, akasimama akiwa ameshika kiti kwa sababu tayari pumzi ilikuwa shida, akajibu, "Mbegu ya nje naiuza, Mwenyekiti. Udongo siuzi." Uamuzi ukaahirishwa hadi mkutano mkuu, ambao ni kesho Jumamosi saa nne asubuhi, na kuanzia hapo akaondolewa kwenye kamati, eti apumzike.

Marehemu aligundulika kuwa na tatizo la moyo kupanuka mwezi Aprili mwaka huu wa 2025, akatibiwa hapa Karatu na baadaye Arusha, madaktari wakampiga marufuku kwenda uwanjani kwa ajili ya presha, naye akatii kwa namna yake, akawa anasimama nje ya uzio na kudai kwamba nje ya uzio si uwanjani. Hali ilibadilika mwishoni mwa Agosti, akalazwa, na Jumapili ya tarehe 31 Agosti Mwenyekiti alikwenda kumwona akiwa na katoni ya juisi na kijana wa kupiga picha, na jioni ile ile picha ikaingia kwenye grupu, Mwenyekiti ameshika mkono wa marehemu, na chini yake maneno kwamba Mama Usajili ameubariki usajili mpya na anawataka wanachama waupitishe. Wengi wenu mliiona, wengine mkaandika amina, na tunajua wapo waliosema kama Mama amekubali basi yameisha.

Ndugu waombolezaji, Eva alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda kile. Anasema Mwenyekiti aliinama akaomba, kwa upole kabisa, Mama awabariki tu ili wasonge mbele, na marehemu akasogeza barakoa ya oksijeni pembeni, akamwambia hivi: "Baraka nitawapa wale unaowafukuza. Wewe Josephati, mwanangu, rudi na juisi yako." Baada ya hapo akafumba macho, na picha ikapigwa akiwa amefumba. Alifariki dunia Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na Eva na Mzee Tluway.

Jana, kwenye kikao cha familia, Mwenyekiti alitufuata na ombi kwamba katika historia hii tuweke sentensi moja tu, kwamba marehemu aliondoka akiwa amepatana na uongozi na kuunga mkono usajili mpya, kwa kuwa msiba na mpira visichanganywe, na baadhi ya wazee wa ukoo wakaanza kusema tuandike tu yaishe, maiti haigombani. Mzee Tluway, ambaye katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyewahi kumsikia akisema lolote kuhusu mpira, aliweka kikombe chini na kusema, "Mke wangu hakuwahi kukubali mchezaji ambaye hajanywa chai kwao. Leo mnataka akubali tisa, akiwa kwenye jeneza?" Kikao kikaisha hapo, na sentensi ile haimo.

Bendera ya klabu tumeipokea, kwa kuwa aliipenda timu hii kuliko wengi wanaoiongoza. Jeneza litabebwa na Koinet na wenzake wa timu B, hawa waliovaa jezi za mazoezi kwa sababu za mechi wameshanyang'anywa, na tunaomba asitokee mtu wa kuwabadilisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya hapa na ya Arusha, waliompigania na kuvumilia maswali yake kuhusu msimamo wa ligi, inamshukuru Baba Paroko kwa sakramenti, majirani waliokesha na kupika, wafanyabiashara wenzake wa stendi waliofunga maduka, waendesha magari ya watalii waliobeba wageni wa Soitsambu bila kuulizwa, na wanachama wote wa Vumbi Jekundu, wa upande wake na wa upande ule mwingine. Mwenyekiti, tunakushukuru na wewe, na tunakuomba leo jioni uifute picha ile wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla hatujakutana ukumbini.

Kura yake moja imeondoka naye, na hakuna aliye hai mwenye haki ya kuipiga kwa niaba yake. Wenye kadi katika ukoo huu ni kumi na wanne, wote tumehesabiana jana, wote kesho saa nne tutakuwa viti vya mbele, na kabla mkono haujanyooshwa tutauliza kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, ni nani kati ya hao tisa ambaye mjumbe wa klabu hii amewahi kufika kwao.

Shangazi, pumzika. Amani tuachie sisi, tutaidai kesho.