Papa Mapovu: Miaka Thelathini na Maji ya Cimpunda

Tarehe 31 Desemba 1987, Citoyen Bisimwa Kahasha atatimiza miaka thelathini ya utumishi katika service yetu ya usafi hapa Bukavu, na siku hiyohiyo ataanza kustaafu. Nimeombwa kuandika habari zake katika jarida letu kwa kuwa tulikaa naye ofisi moja kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Nimeombwa pia niandike mambo ya kufurahisha. Nitaanza na hayo, maana yapo.

Alizaliwa kijiji cha Miti, akasoma kwa mapadri, akafundishwa kazi ya afya ya mazingira, na mwaka 1957 akaanza kuzunguka mitaani kukagua vyoo, masoko na chemchemi. Watu wengi wa mtaa wa Kadutu hawalijui jina lake. Wanamwita Papa Mapovu, yaani Baba Mapovu, kwa sababu hakuweza kupita penye beseni la nguo bila kuinama na kunusa maji yake. Wanaume walimcheka, wanawake walimshuku, kisha wote wakamzoea.

Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye maji ya sabuni huko Cimpunda, sehemu ya Kadutu iliyo mlimani, akashuka mteremko kwa makalio hadi mlangoni pa familia iliyokuwa ikila. Wakamkaribisha bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alikula, akashukuru, na kabla ya kuaga akauliza yale maji yaliyomwangusha yalitoka nyumba gani.

Hakuwa akitania. Kanuni ya zamani ilitaka maji yote yaliyotumika nyumbani yamwagwe kwenye mfereji. Nguba, mtaa wa wenye uwezo, kuna mifereji. Cimpunda nyumba zimepandana, na mfereji wa mtu ni ukuta wa jirani wa chini. Maji ya kuoga na ya kufulia yalishuka kutoka kiwanja hadi kiwanja mpaka kwenye chemchemi ambako watu waliteka, huku bustani za akina mama zikikauka kila kiangazi. Bisimwa aliona kwamba maji yaleyale yaliyowaletea ugonjwa watu wa chini yangeweza kuwalisha walio juu, ila lazima yawekewe masharti.

Ilimchukua miaka minne kuwashawishi wakubwa. Mkuu wetu wa wakati ule alisema kwamba service ya usafi hairuhusu uchafu, inaukataza. Bisimwa hakubishana naye ofisini. Alimwomba tu wapande Cimpunda siku moja, wayafuate maji kwa miguu toka nyumba ya juu kabisa hadi ya mwisho. Walirudi wamelowa hadi magotini, na mwaka 1979 kanuni mpya ikatiwa sahihi.

Ilikuwa fupi, naye aliitangaza mwenyewe baada ya misa. Maji ya kuoga na ya kufulia yapite kwanza katika shimo lenye mawe, changarawe na mchanga, ndipo yaelekezwe kwenye mizizi ya migomba na ya mboga za kupikwa. Yasirushwe juu ya majani. Maji ya nepi za watoto yaende chooni. Maji ya leo yamwagwe leo, yasilale ndani ya ndoo. Wala yasisogezwe karibu na chemchemi.

Shimo la kwanza lilichimbwa kwa Maman Emérence, mjane aliyekuwa akiuza mboga za lengalenga sokoni. Majirani zake wakaiga, na majirani wa majirani. Nilikwenda kuona kwa macho yangu: katikati ya Julai, Kadutu yote imepauka, upande ule wa mlima ulikuwa kijani. Bisimwa alinitembeza kiwanja kwa kiwanja kama mtu anayeonyesha watoto wake. Miaka hiyo alikuwa akipiga mluzi ofisini, na tulimwomba anyamaze. Leo ninajuta kwamba tulimwomba.

Kiangazi cha 1983 chemchemi ilikuwa imekauka, kisha pampu ya maji ikaharibika na fontaine, bomba la umma la Cimpunda, ikakauka pia. Kipuri kilikuwa njiani, tuliambiwa. Wiki zikapita. Mwenye nguvu alishuka ziwani na kupanda tena na bidoni ya maji kichwani. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga walibaki na maji waliyokuwa nayo, wakaacha kuyamwaga. Maji ya kufulia yalilala ndani ya ndoo, yakatumika kufua tena, kisha kuosha sahani, na mwishowe kuosha mboga.

Bisimwa alipita mlango hadi mlango akikataza. Kwa Maman Emérence, mimi nikiwa naye, tulimkuta mama huyo ameinama juu ya beseni la maji ya kijivu, anaosha lengalenga. Bisimwa alimkumbusha kanuni, kwa upole, kama kawaida yake. Mama yule hakukasirika.

“Papa, sheria yako inasema nimwange maji,” alimwambia. “Nikimwanga leo, kesho mutoto ataoga na nini?”

Bisimwa alisimama pale akiwa na kofia mkononi. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa wakubwa kuomba lori la tangi, akaahidiwa. Alilisubiri kando ya barabara pamoja na akina mama na ndoo zao, siku ile na iliyofuata. Lori halikuja. Baadaye tulisikia kwamba lilipelekwa mahali palipokuwa na wageni.

Ugonjwa wa kuhara uliingia Cimpunda. Watoto walikufa, na mmoja wao alikuwa Apolline, binti wa mwisho wa Maman Emérence. Wanaume wengi waliogopa kukaribia maiti. Bisimwa alilibeba jeneza lile dogo pamoja na mjomba wa mtoto.

Halafu wakubwa wakakutana, wakahitaji mkosaji. Pampu haikuwa na jina la mtu. Kanuni ilikuwa nalo. Ilifutwa. Kutumia tena maji ya nyumbani kukakatazwa kabisa, mashimo yote yakaamriwa kufukiwa, na kazi akapewa Bisimwa kwa kuwa ndiye aliyejua kila shimo lilipo. Alipinga mbele ya watu wote, akasema kilichoua watoto ni kukosa maji. Akaambiwa achague kati ya mashimo na kazi. Alikuwa na watoto sita shuleni. Alichukua koleo.

Kwa Maman Emérence alisita. Mama alikuwa ameketi mlangoni.

“Funika tu, Papa,” alisema. “Ile siku nilikuuliza, haukunijibu. Leo pia hautanijibu.”

Alilifukia shimo lile mwenyewe, hakutaka sisi tumsaidie.

Maji yakarudi kushuka mlimani kama zamani, na kuhara kukarudi kiangazi kilichofuata, na kingine, ingawa hapakuwa tena na shimo hata moja. Kila mkuu mpya aliyekuja, Bisimwa alimwomba apande naye Cimpunda. Mmoja alimjibu kwamba sisi si watu wa kilimo. Mwingine alikubali, kisha akahamishwa kabla hawajaenda. Mwaka jana Bisimwa hakuomba tena.

Nyumbani kwake pia alifuata amri. Mke wake, Maman Adèle, alimsihi amruhusu kumwagia migomba yao maji ya kufulia, nani angejua? Alikataa. Alisema hawezi kufanya uani kwake jambo ambalo kwa wengine alilifukia. Migomba ilikauka. Maman Adèle alimsimulia mke wangu kwamba anapomwaga maji barabarani, mumewe hugeuka na kutazama kwingine.

Serikali imempa medali ya utumishi, na anaistahili. Nilishauriwa kuandika kwamba chini ya uangalizi wake hali ya Cimpunda imekuwa bora. Nilimwuliza mwenyewe.

“Andika kwamba nilijaribu,” aliniambia. “Usiandike kwamba nilifaulu.”

Nimeandika hivyo. Nafasi yake haitajazwa. Ofisi yetu itakuwa ghala la ndoo na dawa za panya.

Papa Bisimwa, sisi wenzako tunakushukuru kwa kila mteremko uliopanda. Tungependa kukuahidi kwamba kazi yako itaendelea, lakini hukutuzoesha kusema uongo. Rudi salama Miti, wewe na Maman Adèle. Tunawatakia siku njema huko, na mvua iwanyeshee kwa wakati wake.