Marimba Iliyochongwa kwa Sauti ya Eufemia

Padre, ndugu, majirani wa Mto Saija, nanyi mliosafiri kutoka Buenaventura na Cali, familia imenituma mimi Nidia, kitindamimba, nisome maisha ya baba yetu, na nitayasoma yote.

Marehemu Heliodoro Grueso Riascos alizaliwa tarehe 14 Septemba 1941, hapa hapa Santa Rosa, mtoto wa nne wa mzee Fidel na mama Petrona, akasoma kwa wamisionari mpaka darasa la tatu, akaacha kwa kuwa baba yake alihitaji mikono ya kukata magogo, na katika kazi hiyo akajifunza kuchonga marimba kwa vibao vya mti wa chonta, ambao sharti ukatwe mwezi unapopungua, la sivyo wadudu wataumaliza.

Tarehe 6 Januari 1964 alifunga ndoa na Eufemia Cuero, mwimbaji aliyejulikana mto mzima, wakajaliwa kaka yangu Wilmer mwaka 1966, nami mwaka 1971. Mwaka wa harusi alichonga marimba ya nyumbani, mama akiwa ameketi kwenye kigoda anaimba, naye akikwangua kibao, akikigonga, akisikiliza, akikwangua tena, mpaka kila kibao kikaitika sawasawa na koo la mkewe, maana kwetu marimba ndiyo humfuata mwimbaji. Mama alifariki tarehe 3 Februari 1996, hakuna kanda hata moja iliyomnasa, na baba alipomkumbuka alivigonga vibao vile, sisi jikoni tukaisikia sauti yake.

Wilmer alikuwa Cali, mpiga piano wa bendi ya salsa, na haki yake nampa, ni yeye aliyeutia mdundo wetu wa currulao ndani ya salsa yao, tarumbeta zikajibu pale ambapo kina mama zetu huitikia, watu wa mjini wakacheza mpaka soli zikaisha. Mwaka 2001 alikuja kuazima marimba akarekodi nayo, baba akampa kwa mikono miwili, akamtania, "Wewe mtu wa mjini, usije ukanirudishia imelewa."

Ilirudi imepakwa vanishi. Baba aligonga kibao cha kwanza, akagonga cha pili, akakaa chini. Marimba ilikuwa haipatani na piano, basi Wilmer akavikwangua vibao vyote, kwa kisu, kama alivyofundishwa na baba, hadi vikapatana, na ubao ukishakwanguliwa haurudi. Alijitetea kwamba wimbo ule umelifikisha jina la Saija ng'ambo, na ni kweli, redio ziliupiga mchana kutwa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Baba hakugombana, aliitundika darini, wala hakuigusa tena, na Wilmer akadhani amesamehewa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua baba, akalazwa hospitalini Guapi, kisha akaomba arudi nyumbani. Wilmer alikuja na vibao vipya vya chonta, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsihi avisikilize, yeye atakwangua, wavirudishe kama vilivyokuwa. Baba alivipapasa kimoja kimoja.

"Mwite mama yako aimbe," akasema.

Wilmer akavikusanya vibao vyake, nami sikumsaidia. Baba alifariki tarehe 22 Agosti 2019, asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Guapi, wenye mitumbwi waliomvusha bila kuchoka, majirani walioleta ndizi na samaki, kina mama wanaotuimbia leo, pamoja na wanamuziki wenzake Wilmer, waliogharamia jeneza, tumelipokea. Kaka, umeketi hapo mbele, sijakutukana, nimesoma tu.

Baba, pumzika sasa, na huko ukimkuta mama anaimba, usimpe mtu aiazime sauti yake, hata akiwa mwanao.