Ikwanguliwe Kwanza

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, mafundi wa barabara, majirani: tunawasalimu na kuwakaribisha kwenye uzinduzi wa lami mpya. Tuwieni radhi kwa sauti ya msumeno hapo nyuma yenu. Tutaieleza.

HISTORIA

Mtaa wetu ulianza na barabara iliyokuwa chini ya milango. Mtu alipanda ngazi kuingia kwake. Lami ikachakaa, ikamwagwa nyingine juu yake. Nayo ikachakaa, ikamwagwa nyingine. Leo tunateremka kuingia ndani. Ukingo wa barabara umefunikwa, na watoto wetu wakiambiwa upo wanadhani tunawatania.

MAFANIKIO

Tumesifiwa kwa kupata lami mara nyingi kuliko mitaa jirani. Tunashukuru. Tulipiga vigelegele kila mara, ila safari hii wengi koo zimekauka.

CHANGAMOTO

Nyufa za lami ya zamani hazifi kwa kufunikwa. Msimu mmoja tu, zinachomoza palepale, kama vile zilikuwa zinavuta pumzi. Matundu ya mitaro yamezibwa, hivyo maji ya mvua huingia kwetu bila kubisha hodi.

Kubwa zaidi ni milango. Vyumba vyetu ni vidogo, kwa hiyo milango hufungukia nje, barabarani. Kila lami inapopanda, mlango unakwama, na sisi humwita fundi seremala aupunguze kwa chini. Hatukuwahi kulalamika. Tuliona ndiyo kawaida ya kupata maendeleo. Kwa miaka yote hii, mgeni rasmi, barabara haijakwanguliwa hata mara moja. Tumekuwa tukikwangua milango.

Safari hii tulimuuliza msimamizi wa kazi: "Jamani, mtaikwangua ya zamani kwanza?"

Akajibu, "Tutaamua tukishaiona hali yake."

Jana walikuja, wakaitazama, wakamwaga kipande cha majaribio. Mashine ya kukwangua hatukuiona. Tulichoka hata kuuliza tena.

Kipande hicho kiko mbele ya mlango wa Bibi, mama mzazi wa fundi cherehani wetu. Bibi anatembelea kiti cha magurudumu. Asubuhi ameoga, amevaa nguo yake ya sherehe, mwanawe akasukuma mlango, haukwenda. Kuugeuza ufungukie ndani haiwezekani. Ndani kuna kitanda chake. Nafasi iliyoachwa wazi hapo mstari wa mbele ni ya kiti cha Bibi. Amesema kupitia dirisha, "Mwambieni mgeni sijamdharau. Nakuja."

Msumeno mnaousikia ni wa fundi seremala. Anatuambia hii ndiyo mara ya mwisho, maana akipandisha msumeno tena atafika kwenye kitasa.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Tumeyafuta, tumebakiza moja. Utepe usikatwe leo. Gari la lami lililosimama pale lizimwe, iletwe mashine, ya zamani ikwanguliwe mpaka ukingo uonekane, ndipo mmwage mpya. Tuko tayari kula vumbi. Tumeshakula mengi.

Tukiambiwa muda hautoshi, tunaomba, mgeni rasmi, ukaliseme hilo mlangoni kwa Bibi, yeye akiwa ndani.

Mungu akulinde njiani, akupe afya, na akukalishe nyumba ambayo mlango wake unafunguka.

Ni sisi wakazi wa mtaa huu, pamoja na Bibi, ambaye bado hajatoka.