Saa ya Jikoni kwa Msumari

Benchi la Yavorovo limeegemea ukuta wa duka, chini ya ubao wa matangazo ya vifo, na pembeni yake imesimama mashine ya kahawa inayomeza sarafu kwanza halafu ndiyo inafikiria kama itakupa kikombe. Wanaokaa hapo hawakuchaguana. Ndio waliobaki kijijini. Yupo Breki, aliyeendesha basi la mlimani miaka thelathini na moja. Yupo Antena, aliyetengeneza televisheni mpaka watu wakaacha kutengeneza televisheni. Yupo Bibi Tsona, aliyepika supu ya maharage ya shule kwa vizazi vitatu na mpaka leo anawaamrisha watu wazima wakanawe mikono. Na yupo mzee Stamen, seremala, wanayemwita Msumari kwa kuwa akishaingia mahali hatoki mpaka ubao uvunjike. Alhamisi hiyo Msumari alifika amenuna, kijitabu cha shule cha mjukuu wake kiko kwapani na karatasi iliyokunjwa ndani yake, na hakutia sarafu kwenye mashine. Wenzake wakajua kuna jambo.

— Msumari, leo hunywi?

— Nimeshakunywa sumu nyumbani. Breki, wewe una miwani. Soma hiyo karatasi, soma kwa sauti.

Breki akaikunjua karatasi, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia vituo.

— "Siku Yangu. Nevyana, darasa la tatu. Saa kumi na mbili kasorobo, mabano, saa kumi na moja kasorobo: Mama ananiamsha. Saa kumi na mbili, mabano, saa kumi na moja: nawasha jiko la kuni. Mama anasema nisishindilie kuni, moto upate pumzi. Saa kumi na mbili na robo, mabano, kumi na moja na robo: nachana nywele. Mama anasema njia imepinda. Nakula mkate na jibini. Babu anakoroma. Saa moja, mabano, saa kumi na mbili: napanda basi. Shuleni tuna hesabu, kusoma, supu, na mazoezi. Shuleni hakuna mabano. Saa mbili usiku, mabano, saa moja: Babu anatazama habari, mimi niko jikoni nasoma, Mama ananisikiliza."

Breki akaishusha karatasi. Antena akakohoa. Bibi Tsona akaanza kuchungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama.

— Geuza, akasema Msumari. Nyuma kuna wino mwekundu.

— "Muda ni mmoja tu! Mama yako hayupo nyumbani. Usitunge uongo. Andika upya: Babu ananiamsha. Mbili." Lo, na hiyo mbili yenyewe, alama ya kufeli, imechorwa nono kama bata.

— Endelea. Kwenye kijitabu.

— "Nevyana amekataa kuandika upya. Mlezi asome na atie sahihi kuwa amekubali masahihisho. Bila sahihi, mwanafunzi hatasoma kesho kwenye somo la wazi. Bi Peneva."

Hilo ndilo lililomleta Msumari kwenye benchi. Kesho wazazi wote wangekaa nyuma ya darasa, kila mtoto asimame aisome siku yake, na yeye tayari alikuwa amepiga pasi shati. Kalamu ilikuwa mfukoni. Angetia sahihi tangu jana jioni, ila mtoto alikuwa amemkazia macho ng'ambo ya meza akamwambia neno moja tu: "Siandiki." Hakulia, hakupiga mguu chini. Alisema siandiki, akaenda kulala.

— Miaka mitatu, akasema Msumari. Miaka mitatu namfulia, nampikia, namnunulia viatu. Halafu anaandika mama, mama, mama. Mimi nimetajwa mara mbili humo. Moja nakoroma, nyingine natazama televisheni.

— Sasa si kweli unakoroma? akauliza Breki. Mimi nakaa nyumba ya tatu na nakusikia.

— Hatuzungumzii hilo!

— Na wewe ndiye unayemwamsha?

— Mimi ndiye mlezi.

— Sikuuliza hivyo, ndugu yangu.

Msumari akajifanya anatazama matangazo ya vifo. Ukweli ni kwamba yeye, akishavua kifaa chake cha masikio usiku, hata paa likianguka hasikii. Akiamka hukuta jiko la kuni limeshika moto, chai imefunikwa na sahani, na kiti cha mtoto kimerudishwa mezani. Alikuwa ameizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea maji kutoka bombani.

— Mimi mabano ndiyo nayaelewa, akasema Breki. Hiyo ni ratiba ya basi. Sisi tulikuwa na saa za kiangazi na saa za baridi, zote kwenye kibao kimoja. Mtoto anasubiri basi kila siku, ameshaiga uandishi wa kituoni.

— Ratiba gani na sisi tuko mwezi wa pili? akadakia Antena. Nyinyi hamfuatilii mambo. Huko Brussels wakubwa wa Ulaya wanabishana miaka na miaka kama wafute ile saa ya kiangazi ya kusogeza mishale mbele au waiache. Sasa unadhani watamjaribia nani? Watamjaribia Mjerumani? Wanamjaribia mtoto wa darasa la tatu wa Yavorovo! Wamempa saa mbili waone ataishi vipi.

— Antena, na mama katika hayo anatokea wapi? akauliza Breki.

— Mama ni neno la siri.

— Toka hapa!

— Wewe cheka. Msumari, ile saa yako ya jikoni umeipeleka kwa fundi?

Hapo Msumari akageuka mzima mzima, maana Antena alikuwa amegusa kidonda. Jikoni kwake kulikuwa na saa mbili. Kubwa ya ukutani, ya marehemu mkewe, haijawahi kudanganya. Ndogo ya mezani, ya samawati, Nevyana aliiomba kutoka kabatini akaiweka juu ya friji, na tangu siku hiyo imekuwa ikimchezea Msumari shere. Kila siku mchana anaikuta imebaki nyuma. Kila siku anaipeleka mbele. Kesho yake imebaki nyuma tena.

— Fundi wa mjini kaifungua mara mbili, akasema. Kaipaka mafuta. Anasema haina ugonjwa. Nikamwambia wewe ndiye mgonjwa.

— Si unaona? Antena akasimama kabisa. Ni ule mnara wa simu waliousimika kilimani! Unavuta mishale. Jikoni kwako kunatazamana na mnara. Mtoto analala upande wa mnara. Saa inarudi nyuma, akili ya mtoto inarudi nyuma, inafika miaka mitatu iliyopita wakati mama yake alipokuwepo. Basi! Anaamka anamwona.

— Yesu na Maria, akasema Breki. Kwa hiyo tukihamisha friji?

— Tukihamisha friji anapata sita, alama ya juu kabisa, hesabu na kusoma!

Bibi Tsona akagonga kikombe chake juu ya benchi, kahawa ikamrukia Antena suruali.

— Nyamazeni, wazee mlioungua ubongo! Mtoto wa miaka tisa anawasha jiko la kuni gizani peke yake, na nyinyi mnahamisha friji! Hiyo mbili apewe mwalimu. Mtoto kaambiwa aandike siku yake, kaandika siku yake. Kama walitaka siku ya mtu mwingine wangesema. Mimi nimewapakulia watoto supu miaka arobaini, namjua muongo kwa jinsi anavyoshika kijiko. Yule si muongo.

— Tsona, unamjua kuliko mimi?

— Leo? Ndiyo, Stamen. Leo namjua kuliko wewe.

Hakumwita Msumari, alimwita Stamen, na sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba ilimshtua yeye mwenyewe. Msumari akaona haya, na alipoona haya alifanya kile anachofanya siku zote akiona haya: alikaza. Akatoa kalamu.

— Natia sahihi. Nyumbani kwangu muda ni mmoja. Na huyo mwingine aliyetoka kwenye geti langu, nilimwambia akitoka asipige simu, na hajapiga. Kwa hiyo hakuna mama anayemwamsha mtu.

Alikuwa ameshaweka kijitabu gotini wakati gari la mkate lilipopiga breki mbele ya duka. Dereva alikuwa mgeni, wiki ya kwanza hiyo, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya sufi. Alishusha kreti mbili za mkate, akaja kwenye mashine, akatia sarafu. Mashine ikaguna, ikatoa kikombe kitupu.

— Imeisha maji, akasema Breki. Pole, dada. Ndiyo yetu hiyo.

— Basi nitakaa bure. Mnagombania nini? Nimewasikia tangu kule darajani.

Wakamweleza, wote wanne kwa pamoja, mtoto na mabano na mnara na friji. Dereva akasikiliza huku amekishika kile kikombe kitupu.

— Hiyo saa ndogo, mzee. Inachelewa kiasi gani?

— Saa moja.

— Na kesho yake? Inafika saa moja na robo, saa mbili?

— Hapana. Saa moja. Kila siku saa moja.

— Kamili?

— Kamili.

— Saa mbovu haina adabu ya namna hiyo, akasema dereva. Mama yake mtoto yuko wapi?

Hakuna aliyejibu. Si kwamba hawakujua. Kijiji kizima kilijua, hata yule mwenye mashine ya kahawa alijua, lakini kwa miaka mitatu hakuna aliyelitamka jina la Iskra wala mahali alipo mbele ya baba yake, na midomo ilikuwa imeshasahau jinsi ya kuanza. Breki akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Antena, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua, akatazama viatu vyake.

Dereva akasubiri, kisha akainua mabega.

— Niliuliza tu. Mimi mume wangu yuko Uhispania, anachuma stroberi. Njooni mwone saa ya kwenye gari langu. Bosi kila siku ananiambia niirekebishe, maana nimeiweka kwa saa za huko, saa moja nyuma.

Hakuna aliyekwenda kuiona. Dereva akaweka kikombe kitupu juu ya mashine, akawasha gari, akaondoka na mkate wake.

Msumari alibaki na kalamu. Alikuwa akihesabu. Alimwona mtoto akipanda kwenye kigoda kila asubuhi kuirudisha nyuma saa aliyoipeleka mbele babu yake, bila kulalamika, bila kumwambia lolote, siku baada ya siku, tangu Septemba. Akaiona ile simu ndogo aliyoambiwa ni zawadi ya Bibi Tsona ya siku ya kuzaliwa, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Na huko mbali akamwona binti yake, gizani, kabla hata lori la shambani halijampitia, anamwambia mtoto asishindilie kuni, moto upate pumzi. Maneno hayo ni Msumari mwenyewe aliyemfundisha. Alimfundisha Iskra akiwa na miaka saba, kwenye jiko hilohilo.

— Tsona.

— Nini?

— Ulijua.

— Nilijua. Nitukane kama unataka, nipo tayari tangu mwaka jana.

Hakumtukana. Basi la shule lilikuwa linapanda kona ya mwisho. Likasimama, mlango ukafunguka, akashuka Nevyana peke yake, mkoba umemzidi mgongo. Aliiona karatasi yake mkononi mwa Breki na kijitabu gotini mwa babu yake. Akasimama mbele ya benchi, miguu ameipanua.

— Siandiki, Babu. Hata ukitia sahihi siandiki. Wewe hujawahi kuniamsha hata siku moja.

— Kweli, akasema Msumari.

Mtoto alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, neno hilo likamkosesha pa kushika.

— Huko kwake sasa hivi ni saa ngapi? akauliza Msumari.

Nevyana hakutazama saa ya duka wala simu. Alimtazama babu yake kwanza, kwa muda, kuona kama ni mtego.

— Saa nane u nusu. Wanapumzika. Anakula.

Msumari akafungua kijitabu. Mwandiko wake ulikuwa wa seremala, wa herufi kubwa za kuandikia juu ya mbao, na chini ya wino mwekundu wa Bi Peneva zilijaza ukurasa mzima. Breki akainama akasoma, safari hii bila sauti ya kituoni.

— "Nimesoma. Sikubali. Saa zote mbili ni sahihi. Stamen, babu, anayekoroma."

— Atakupa mbili na wewe, akasema Antena.

— Anipe. Kesho nitakaa nyuma ya darasa, aniletee hukohuko.

Nevyana akachukua kijitabu, akasoma mwenyewe kidole kikifuata herufi, akakifunga, akakitia kwenye mkoba. Wakaanza kushuka njia ya nyumbani, yeye mbele, babu nyuma. Walipofika kwenye geti Msumari akaliegemea kidogo, maana ni hapo hasa alipolisema neno lake miaka mitatu iliyopita.

— Asubuhi mama yako akikuamsha, niamshe na mimi.

— Utaongea naye?

— Kwanza niamshe.

— Utavaa kile cha masikio?

— Nitalala nacho, akasema Msumari, akafungua geti.