Mwenye Kisu Huchukua la Mwisho: Maisha ya Hosea Marwa Kisyeri, 1978–2025

Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Tabitha, ambaye ameuandika akiwa bado haamini. Ijumaa iliyopita marehemu alimpigia simu kumuuliza bei ya mahindi Nyarero. Jumamosi saa tano asubuhi simu ikalia tena kwa namba ileile, lakini sauti haikuwa yake. Ndugu waombolezaji, mtusamehe pale maneno yatakapogoma kutoka.

Hosea Marwa Kisyeri alizaliwa tarehe 3 Mei 1978 katika kata ya Kemambo, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Marwa Kisyeri na Mama Waisiko, ambaye tunaye hapa leo. Katika boma lile kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa: anayekata nyama ndiye anayechukua pande la mwisho, ili asije akajipendelea. Hosea alikabidhiwa kisu akiwa na miaka kumi. Siku hiyo aligawa kwa haki mpaka kila mtu akaridhika, na yeye akabakiwa na mfupa. Mama alipomuuliza, "Mura, kijana wangu, yako iko wapi?" alijibu, "Mama, watu walikuwa wengi." Tulicheka sana wakati ule.

Alisoma shule ya msingi Kemambo kuanzia 1987 hadi 1993, na sekondari mjini Tarime hadi 1997. Baada ya kulima miaka mitatu ili wadogo zake nao walipiwe ada, alikwenda Mwanza, akahitimu stashahada ya uhasibu mwaka 2003. Alirudi na begi moja na kikokotoo alichokifunga kwenye kitambaa kama yai.

Mwaka 2004 aliajiriwa kama karani katika ghala la kahawa Nyarero. Januari 2014 akawa mhasibu wa kiwanda cha kukoboa kahawa na kusaga nafaka cha Mzee Batholomeo kilichopo Turwa, chenye tawi Mugumu, Serengeti. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kuwaandikisha wafanyakazi kwenye mfuko wa pensheni. Wengi walikuwa wapagazi ambao hawakuwahi kuchangiwa hata senti. Aliwajazia fomu, akawapeleka kupiga picha, akawaeleza kwamba kila mwezi wao watakatwa kidogo na mwajiri ataongeza cha kwake.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Jenipha Mokami, fundi cherehani wa Turwa. Ukiitazama picha ya harusi yao, bibi harusi anacheka na bwana harusi amegeuza kisogo. Alikuwa anaangalia kama wageni wa nyuma wamepata chakula. Jenipha alimtania kwa hilo miaka kumi na saba, akisema aliolewa na shingo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Eunice, Joel na Godwin.

Sasa tuseme habari ya wiki zake za mwisho, maana bila hiyo hamtamjua.

Tarehe 28 Julai mwaka huu kiwanda kilipokea makadirio ya kodi ya mwaka 2023, na kodi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Sheria inaruhusu mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa wafanyakazi utolewe kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Lakini kwenye hesabu zile, mchango wa mwajiri na makato ya wafanyakazi vilikuwa vimewekwa kwenye mstari mmoja, na mstari wote ukakataliwa. Kosa lilikuwa la Hosea mwenyewe, na hakumsingizia mtu. Mzee Batholomeo alikasirika. "Kama kuwachangia watu kunaniongezea kodi, basi naacha," alisema. "Kuanzia mwezi wa kumi wote watakuwa vibarua."

Hosea alimwomba siku thelathini za kuweka pingamizi. Alipanda bodaboda hadi Kemambo, hadi Nyarero, akaenda Mugumu mara mbili, akikusanya namba ya uanachama ya kila mmoja. Alitenganisha ule mstari jina kwa jina, mwezi kwa mwezi. Tarehe 22 Agosti akawasilisha pingamizi lenye majina sitini na mawili.

Leonida, mtunza fedha wa kiwanda, ndiye aliyegundua. Ametusimulia juzi, akilia.

"Bwana Hosea, mbona tuko sitini na watatu? Jina lako liko wapi?"

"Mimi sina namba, Leonida. Fomu yangu ilikuwa inangoja picha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kumi na nne."

"Ai! Sasa si ujiweke tu humo?"

"Sijawahi kuchangiwa. Siwezi kusahihisha hesabu kwa uongo. Waache hao wapite kwanza, mimi nitajiandikisha."

Kinyozi hajinyoi, tunasema, na tunacheka. Lakini miaka kumi na moja, Hosea? Mtu aliyewapeleka wapagazi wote kwa mpiga picha? Dada yako anakuuliza mbele za watu, na anajua hutajibu.

Marehemu hakuwa na ugonjwa uliojulikana. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 alikunywa chai, akalalamika kichwa, akamwambia mkewe, "Mama Eunice, nishike." Alikimbizwa hospitalini. Madaktari walisema ni shinikizo la damu lililosababisha kiharusi. Saa nne na nusu alikuwa ameshatutoka, akiwa na miaka arobaini na saba.

Jumanne, turubai likiwa limeshafungwa hapa nyumbani, barua ya ofisi ya kodi ilifika: pingamizi limekubaliwa, makadirio yamerekebishwa. Mzee Batholomeo aliisoma akiwa amesimama, akakaa chini kwenye nyasi. "Michango itaendelea," alisema. "Nilidhani naye yumo. Kumbe mtu wangu mwenyewe nilimwacha nje." Wale sitini na wawili wanao mfuko wao. Mjane wa aliyewapigania hana cha kudai humo hata shilingi, na jambo hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kusema.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, dada yake Tabitha, wadogo zake Amos na Mniko, na wafanyakazi wenzake sitini na wawili, ambao jana walichimba kaburi hili kwa mikono yao na wakakataa kupokewa jembe.

Wengi mmeuliza picha hii nzuri iliyo mbele ya ratiba tumeitoa wapi, maana Hosea hakuwa na picha inayoonyesha uso. Leonida aliikuta kwenye droo ya ofisi. Hosea alipigwa picha hiyo Ijumaa jioni mjini Tarime, akiwa amevaa shati la Jumapili. Zilikuwa mbili, zimebanwa kwenye fomu yake ya mfuko, iliyojazwa yote kwa wino wa bluu, imebaki sahihi tu. Juu ameandika kwa penseli: Jumatatu.

Mura wetu, weka kisu chini. Bwana akupe pande lako, upumzike kwa amani.