Kibao Kilichopaa Badala ya Kipimo

Benchi liko nje ya kibanda cha Kinyozi, miguu mitatu ya mbao, wa nne tofali. Watu hunywa kahawa hapo na kuhukumu kesi wasizoitiwa. Siku hiyo Dada Vipimo, kama walivyombatiza yule mhandisi wa setilaiti, alifika saa za kazi, uso umeiva kwa hasira.

– Wamenisimamisha kazi! Setilaiti imekufa, eti sakiti yake ya umeme, niliyoiunda mimi, ndiyo imeiua.

– Mpanda ngazi hushuka, akasema Kinyozi.

– Haijashuka! Iko huko huko juu, kimya kama jiwe.

– Basi imegongwa ubavuni, akaamua Dereva wa lori. Angani hakuna trafiki.

– Wapi! Yenyewe iliuzwa, akasema Kinyozi. Walirusha debe tupu.

– Debe tupu haliachi kuvuma, akabisha Dereva. Mbona hili limenyamaza?

Dada Vipimo akamnyang'anya Kinyozi kitana cha plastiki, akakisugua kichwani mwake mwenyewe, akakiinamisha juu ya nywele zilizonyolewa, zilizofagiliwa mlangoni. Zikaruka, zikanata kwenye kitana.

– Mmeona? Huko juu kumejaa chembe zenye umeme. Zinakipiga chombo, umeme unajilimbikiza mwilini mwake, huku mwingi, kule kidogo. Ukizidi, cheche inaruka, kinaungua ubongo. Nikaunda kipimo cha kuuona mapema, kidogo kama kipande cha sabuni. Miaka yangu minne hiyo!

– Kikasemaje?

– Kiseme nini? Mkurugenzi alikitoa wiki ya mwisho kabla ya setilaiti kurushwa. Eti uzito! Pale pale akafunga kibao cha shaba chenye majina ya wakubwa.

– Kwa hiyo majina yao yako angani?

– Yanazunguka dunia!

Dereva akatikisa kichwa.

– Ndiyo maana wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

– Mkuu ndiye asiyesikia! Guu lililovunjika ni langu!

– Mimi nimeshajua, akasema Kinyozi. Kila mkubwa alitaka jina lake liwe juu ya mwenzake. Wakasukumana humo kibaoni, chombo kikapinduka.

Dada Vipimo alipiga benchi ngumi, kahawa ikamwagika.

– Kesho naingia mbele ya kamati ya uchunguzi, Mkurugenzi na wenzake. Nitawaambia kinagaubaga: ni umeme wa angani, si sakiti yangu.

Mgeni mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi kungoja zamu ya kunyolewa, akauliza kwa upole:

– Samahani, dada. Kama kipimo kilibaki chini, mtajuaje ni umeme huo na si sakiti?

Kinyozi akachukua kitana chake. Dada Vipimo ukweli alikuwa nao, tena wote. Ushahidi ndio hakuwa nao, na walioung'oa kwa bisibisi ndio watakaoketi kesho kumdai auonyeshe.